Ile Nyota Yenye Mkia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Habari zikitangaza kwamba kuna nyotamkia angani, simu yangu haitulii. Huuliza wapwa, huuliza majirani, huuliza hata yule kijana wa bodaboda aliyenikuta gizani nimenyanyua darubini akadhani nachungulia nyumba za watu. Maswali huwa yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili, mengine yamenipeleka mbali, maana ndivyo yalivyo.

Nyotamkia ni nini hasa?

Ni donge la barafu, vumbi na vijiwe, masalia ya vitu vilivyounda sayari miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Donge lenyewe huitwa kiini, na si kubwa. Kiini cha Halley, nyotamkia mashuhuri kuliko zote, kina urefu wa kilomita 15 hivi, kama safari ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara. Tena ni cheusi ti. Chombo cha anga cha Ulaya kilichokipita mwaka 1986 kilikuta kwamba kinarudisha takriban asilimia 4 tu ya nuru inayokiangukia. Mkaa wa gunia una nafuu.

Basi mng'aro unatoka wapi? Likiwa mbali na Jua, donge hilo limeganda na halionekani. Likisogea karibu, barafu yake hupata joto na kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hatua ya maji, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuikandamiza. Mvuke unapofyatuka hubeba vumbi, na vyote viwili hutanda kukizunguka kiini kama moshi wa jiko la kuni asubuhi isiyo na upepo. Wingu hilo huitwa koma, na ndilo unaloliona kama kichwa cha nyotamkia. Linaweza kuwa kubwa ajabu. Mwaka 2007 nyotamkia Holmes ililipuka, na koma yake ikatanuka hadi kulizidi Jua kwa upana, ilhali kiini chake hakifiki kilomita 4. Lakini ukubwa huo ni wa kitu chepesi mno: nyota zilizo nyuma huonekana kupitia humo kama hakuna kitu.

Si ndiyo kimondo?

Siyo, ingawa hata magazeti huchanganya. Kimondo ni chembe inayoingia kwenye hewa ya Dunia kwa kasi na kuwaka, kiasi cha kilomita 100 juu yetu. Unasema "tazama!" na mwenzako akigeuka kimeshapotea. Hicho ndicho ambacho wazee wa pwani husema ni mwenge anaorushiwa shetani anaponyemelea kusikiliza habari za mbinguni. Nyotamkia iko mamilioni ya kilomita kutoka hapa, na huendelea kuonekana usiku baada ya usiku, pengine kwa wiki kadhaa. Ukipata muda wa kwenda kumgongea jirani, akatafuta ndala, akatoka, na bado ipo, hapo unaweza kuanza kufikiria nyotamkia.

Kuna wanaodhani Kimondo cha Mbozi, kile cha mkoani Songwe chenye uzito wa tani 16 hivi, ni kipande cha nyotamkia. Kile ni chuma kitupu, na chuma hutoka kwenye asteroidi, yale mawe makubwa yanayolizunguka Jua. Nyotamkia haina chuma cha namna ile.

Mbona siioni ikikimbia?

Kwa sababu iko mbali. Ndege iliyo juu sana huonekana inatambaa, na hii iko mbali zaidi ya ndege mara mamilioni. Ukiitazama leo na kesho kwa kulinganisha na nyota za jirani, utaona imehama. Mara chache hupita moja karibu kiasi kwamba unaiona inasogea usiku huohuo: Machi 1996 Hyakutake ilifika kilomita milioni 15 hivi kutoka Duniani, na ndani ya saa moja ilikuwa inahama kwa zaidi ya upana wa Mwezi.

Mkia unaelekea wapi? Nyuma ya mwendo wake?

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wachoraji wa vitabu vya shule. Mkia hauelekei nyuma ya mwendo, huelekea upande usio na Jua. Nyotamkia inapoliendea Jua, mkia huwa nyuma. Inapoondoka, mkia hutangulia mbele, kama mwanamke anayetembea huku kusi ikimpigia mgongoni na kanga yake ikipepea mbele yake.

Kwa kawaida kuna mikia miwili. Mmoja ni wa gesi yenye chaji ya umeme, mwembamba, ulionyooka, wenye rangi ya samawati, na husukumwa na upepo wa Jua, yaani chembe ambazo Jua huzitema bila kukoma. Ni mikia hii iliyomfanya Mjerumani Ludwig Biermann atambue mwaka 1951 kwamba upepo huo upo, kabla chombo chochote hakijatumwa kuupima. Mwingine ni wa vumbi, mpana, wa manjano iliyopauka, uliopinda kidogo. Macho matupu mara nyingi huuona huo wa vumbi tu.

Katikati ya Oktoba 2024 baadhi ya watu walipiga picha za nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS zenye mkia wa tatu, mwembamba, uliochongoka kuelekea Jua. Wakadhani kamera imeharibika. Kumbe Dunia ilikuwa inapita kwenye bapa la njia ya nyotamkia ile, na vumbi zito lililobaki njiani lilionekana kwa ubavu, kama karatasi unayoitazama ukingoni.

Kwa nini nyingine ni za kijani kwenye picha?

Koma huwa na molekuli za kaboni zilizoungana mbilimbili, na mwanga wa Jua huzifanya zing'ae kijani. Mwanga huohuo huzivunja kabla hazijafika mbali, ndiyo maana kichwa ni kijani lakini mkia siyo. Kwa macho matupu rangi hiyo ni nadra kuiona.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaziona vizuri?

Tumekaa mahali pazuri kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa London haoni kamwe sehemu kubwa ya anga la kusini, na wa Cape Town hukosa sehemu kubwa ya kaskazini. Sisi tulio karibu na ikweta, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Kampala na Kisangani, tunaliona karibu anga lote mwaka ukizunguka.

Faida ya pili haisemwi sana. Nyotamkia hung'aa zaidi inapolikaribia Jua, kwa hiyo siku zake nzuri mara nyingi ni zile ambazo inaonekana kwa muda mfupi tu, ama baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko. Kwetu Jua hushuka karibu wima, halitambai kando ya upeo kama huko Ulaya. Giza huingia upesi. Saa moja na robo baada ya Jua kuzama anga limeshakuwa jeusi kabisa. Nyotamkia iliyo nyuzi 20 kutoka kwenye Jua inaweza kuwa karibu nyuzi 20 juu ya upeo wetu Jua linapozama, wakati mwenzetu wa kaskazini anaikuta imelalia paa la jirani.

Hasara yetu ni mawingu. Masika na vuli hazijali tarehe za mtu. Na zipo zinazotupita pembeni: NEOWISE ya Julai 2020 iliwapendelea watu wa kaskazini, na sisi tuliiona mwisho mwisho, chini kaskazini magharibi, imeshafifia. McNaught ya Januari 2007, iliyong'aa hadi kuonekana mchana, na ATLAS ya Januari 2025 ziliwapendelea watu wa kusini zaidi yetu.

Nisimame wapi, na saa ngapi?

Kwanza uliza: ni ya alfajiri au ya jioni? Ya alfajiri hutafutwa mashariki, ya jioni magharibi. Hilo tu litakuamulia pa kwenda. Watu wa mwambao wa Tanzania na Kenya wamejaliwa mashariki, maana huko ni bahari tupu, hakuna taa wala mlima. Ya jioni ndiyo huwatesa, kwa kuwa magharibi yao kuna mji. Paje na Jambiani ni pazuri alfajiri. Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaotazama magharibi, unafaa jioni, mradi usogee mbali na taa za wachoma mishikaki wa Forodhani. Kigoma nako jioni ni neema: Jua huzama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyuma ya milima ya Congo, na maji yote yaliyo katikati hayana taa isipokuwa karabai za wavuvi wa dagaa.

Mwishoni mwa Septemba 2024 nilikwenda Bagamoyo kuitafuta Tsuchinshan-ATLAS, iliyokuwa imelikaribia Jua kabisa tarehe 27 mwezi huo. Saa 11 kasorobo alfajiri nilikuwa ufukweni, maji yamekupwa, watu wanashusha samaki kwa tochi za kichwani. Nilihangaika na darubini robo saa nzima nikaambulia ukungu wa bahari. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ubavu wa ngalawa akisubiri chai. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza: "Mwanangu, unaitafuta ile yenye mkia?" Akanyoosha kidole, kulia kidogo ya nilikokuwa natazama. Alikuwa ameiona siku tatu mfululizo akiwa majini. Siku ya kwanza alidhani ni taa ya meli inayochomoza. Nikaiona palepale: nukta yenye utusitusi, na juu yake ufito mwembamba uliosimama karibu wima, mrefu kama upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Dakika 20 hivi baadaye mapambazuko yakaimeza. Mzee hakuwa na darubini wala programu ya simu. Alikuwa na macho yaliyozoea giza na upeo anaoujua kama kibaraza cha nyumbani kwake.

Kwa hiyo fanya hivi. Fika mapema, yape macho dakika 20 gizani, na usiangalie simu katika muda huo, maana mwanga wake hukurudisha mwanzo. Angalia kalenda ya mwezi pia. Nyotamkia ileile iliporudi jioni mwezi Oktoba, Mwezi mpevu wa tarehe 17 uliifunika kwa siku kadhaa, na waliosubiri wikiendi wakalaumu bure. Ukishajua inapotakiwa kuwa, usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo. Pembe ya jicho huona vitu hafifu kuliko katikati yake. Mara ya kwanza utahisi kama uchawi.

Lazima niwe na darubini?

Kwa zile kubwa, hapana. Kwa zile za kawaida, darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7×50 au 10×50 ndiyo bora kuliko kitu chochote. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na lenzi pana hukusanya nuru nyingi. Darubini kubwa ya miguu mitatu watu huinunua kwa mbwembwe, lakini huonyesha kipande kidogo sana cha anga, na mkia wa nyotamkia hautoshei humo.

Onyo moja ambalo si la mzaha: ukitafuta nyotamkia ya alfajiri kwa darubini, weka saa ikulilie kabla Jua halijachomoza, kisha uishushe. Jua likiingia kwenye lenzi kwa bahati mbaya linaweza kukupofusha.

Kwenye mtandao ni kama mwenge, mimi naona kidoa cha chaki. Kasoro ni macho yangu?

Macho yako ni mazima. Kamera hufungua lenzi kwa sekunde au dakika kadhaa na kulimbikiza nuru; jicho haliwezi. Kisha mpigapicha hukaa na kompyuta akapandisha rangi. Sisemi ni uongo, ila ni picha ya kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona kwa jicho lake.

Kuna na suala la namba. Mwangaza wa vitu vya angani hupimwa kwa mizani inayokwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, kitu kinang'aa zaidi. Zuhura hufika kama -4, nyota hafifu kabisa unayoweza kuiona kijijini ni 6, na katikati ya jiji ukipata ya 3 shukuru. Sasa ukisikia nyotamkia "ina 4", usidhani itafanana na nyota ya 4. Nuru ya nyota imekusanyika kwenye nukta moja, ya nyotamkia imesambazwa kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa.

Naweza kuipiga kwa simu?

Ikiwa inaonekana kwa macho, ndiyo. Weka hali ya usiku, egemeza simu juu ya jiwe au mfuko wa mchanga, tumia kihesabu muda ili kidole kisiitikise, na uache lenzi wazi sekunde 3 hadi 10. Usivute picha kwa kukuza. Ukiingiza mnazi au ngalawa kwenye fremu, hata kidoa kinapata heshima.

Nimeona yenye mkia mwekundu jioni, ikashuka polepole. Ilikuwa nyotamkia?

Karibu kila mara hiyo ni ndege. Moshi wake ulio juu sana bado unapigwa na Jua ambalo kwako limeshazama. Kitu kikihama dhidi ya mti ndani ya dakika tano kuliko nyota za jirani zinavyohama, si nyotamkia. Na ule msururu wa taa zinazofuatana kama siafu ni satelaiti.

Wanajuaje kwamba itang'aa?

Hawajui, wanakisia. Njia yake hujulikana kwa usahihi wa kushangaza, lakini mwangaza wake hutegemea barafu iliyo ndani, na ndani hakuna aliyeingia. Kohoutek ilisubiriwa mwaka 1973 kwa ngoma na vigelegele, ikaja imepooza. ISON ya 2013 iliitwa nyotamkia ya karne. Tarehe 28 Novemba ikalizunguka Jua kwa karibu mno, ikasambaratika. Hale-Bopp, kinyume chake, ilitimiza yote: iligunduliwa Julai 1995 na watu wawili, Alan Hale na Thomas Bopp, kila mmoja kwake, na ikaonekana kwa macho matupu kwa takriban miezi 18. Atakayekuahidi miezi sita mapema kwamba nyotamkia fulani "itawasha anga" anauza kitu.

Halley itarudi lini?

Tarehe 28 Julai 2061 itakuwa mahali ilipo karibu zaidi na Jua. Mtoto aliyezaliwa 2024 atakuwa na miaka 37.

Jina lake limetoka kwa Mwingereza Edmond Halley, ambaye kwa kweli hakuigundua. Alichofanya ni kulinganisha njia za nyotamkia zilizoonekana mwaka 1531, 1607 na 1682, akaona ni mgeni mmoja anayerudi. Akachapisha hoja hiyo mwaka 1705 na kutabiri kwamba itarejea 1758. Alifariki 1742. Usiku wa Krismasi ya 1758 mkulima mmoja wa Ujerumani, Johann Palitzsch, aliyekuwa akijifunza nyota baada ya kazi za shamba, ndiye aliyeiona kwanza. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba nyotamkia hurudi.

Ilirudi 1910 na 1986. Katika simulizi za 1910 pana kizungumkuti kidogo. Januari mwaka huo ilitokea nyotamkia nyingine, isiyotarajiwa, iliyoonwa kwanza na wachimba madini wa Transvaal, Afrika Kusini, na ilikuwa angavu hata ikaonekana mchana. Halley yenyewe ilikuja miezi michache baadaye. Kwa hiyo babu au bibi aliyesimulia kuwa "aliona Halley" utotoni huenda aliona ile nyingine. Ya 1986 iliwavunja moyo watu wa Ulaya, lakini kwetu Machi na Aprili ilipanda vizuri, na tarehe 11 Aprili ilikuwa kilomita milioni 63 kutoka Duniani, kusini mwa anga.

Desemba 2023 ilifika mwisho wa safari yake ya kwenda, nje ya njia ya Neptun, ikitambaa chini ya kilomita moja kwa sekunde. Sasa inarudi. Ikifika karibu na Jua itakuwa inakwenda kilomita 54 kwa sekunde.

Ni dalili ya balaa?

Siicheki hofu hiyo, ina mantiki yake. Nyota ambazo wazee wetu walizitegemea ni zile zinazorudi kwa wakati. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hiyo ni kalenda ya mkulima na ya baharia. Halafu usiku mmoja kinatokea kitu kisichomo kwenye kalenda, chenye mkia, hakuna anayejua kimetoka wapi. Nani asingeuliza kimeleta nini?

Kwa muda mrefu wasomi waliomfuata Aristotle waliamini kwamba nyotamkia ni mvuke unaowaka kwenye hewa yetu. Mwaka 1577 ilitokea moja kubwa, na Tycho Brahe wa Denmark akalinganisha mahali ilipoonekana kwake na kwingineko Ulaya. Nyanyua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha jingine: kidole huruka. Kitu kikiwa mbali hakiruki. Nyotamkia ile haikuruka, basi ilikuwa mbali kuliko Mwezi. Nyotamkia hiyohiyo ilitazamwa Istanbul na Taqi al-Din, mnajimu wa Sultani, aliyekuwa akijenga kituo cha kutazamia nyota. Alimtabiria Sultani heri. Kituo kilibomolewa mwaka 1580.

Mwaka 1910 hofu ilivaa koti la sayansi. Wataalamu walikuta sianojeni, gesi yenye sumu, kwenye mkia wa Halley, na Dunia ilitarajiwa kupita humo Mei 18 na 19. Wajanja wakauza vidonge vya kujikinga. Mkia ule ni hafifu kuliko ombwe tunaloweza kulitengeneza maabara. Hakuna aliyepiga hata chafya.

Inaweza kutugonga?

Kwa nadharia, ndiyo. Julai 1994 dunia nzima ilishuhudia vipande zaidi ya 20 vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vikiipiga sayari ya Mshtarii kimoja baada ya kingine, tarehe 16 hadi 22, na makovu meusi yakaonekana hata kwa darubini ndogo. Lakini Mshtarii ni mkubwa na uvutano wake ni mkali. Hakuna nyotamkia inayojulikana iliyo njiani kuigonga Dunia.

Ile 3I/ATLAS ilikuwa chombo cha viumbe wa sayari nyingine?

Hapana. Iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 na darubini iliyoko Chile, na ni kitu cha tatu kujulikana kilichotoka nje kabisa ya mfumo wa Jua letu, baada ya 'Oumuamua ya 2017 na Borisov ya 2019. Ilikuwa na koma, ilitoa gesi, ilifanya yale ambayo nyotamkia hufanya. Mimi naona ukweli wenyewe unatosha kumnyima mtu usingizi: donge la barafu lililoganda kwenye jua la wengine, likapita kwetu mara moja, halirudi tena.

Yale majina kama C/2023 A3 yana maana gani?

C ni nyotamkia yenye mzunguko mrefu mno au isiyorudi. Zinazorudi ndani ya miaka 200 hupewa P, na Halley ni 1P. Kisha mwaka wa ugunduzi. Herufi ni nusu ya mwezi: A ni nusu ya kwanza ya Januari, B ya pili, na kuendelea. Namba ya mwisho ni ya ngapi kugunduliwa katika nusu hiyo. Mwishoni huja jina la mgunduzi. C/2023 A3 ndiyo Tsuchinshan-ATLAS: Tsuchinshan ni kituo cha Mlima wa Zambarau cha China, na ATLAS ni mtandao wa darubini ambao mojawapo, ile iliyoiona hii, iko Sutherland, Afrika Kusini.

Kuna aliyewahi kufika huko?

Mtu, hapana. Vyombo, ndiyo. Giotto, kile chombo cha Ulaya, kilipita kilomita 600 hivi kutoka kiini cha Halley mwaka 1986. Rosetta kiliifikia nyotamkia 67P Agosti 2014, kikaizunguka kwa miaka miwili, na tarehe 12 Novemba 2014 kikashusha kitua kidogo kiitwacho Philae, ambacho kilidunda kama mpira kabla ya kutulia kivulini. Vipimo vilikuta hidrojeni salfaidi na amonia, yaani ungeinusa ungekutana na mayai viza na zizi la farasi. Vilikuta pia glisini, mojawapo ya vitu vinavyojenga protini.

Mtu wa kawaida anaweza kugundua moja?

Ndiyo, tena bila kutoka nyumbani. Chombo cha SOHO kinachotazama Jua hunasa nyotamkia ndogo zinazoliendea Jua na kuteketea. Kufikia Machi 2024 zilikuwa zimefika 5,000, na nyingi ziligunduliwa na watu wa kujitolea wanaopekua picha zake kupitia mradi wa Sungrazer. Kinachotakiwa ni intaneti na uvumilivu.

Kama sasa hakuna inayoonekana, nitazame nini?

Tazama makombo yake. Halley imeacha vumbi kwenye njia yake yote, na Dunia hulikata vumbi hilo mara mbili kwa mwaka: mapema Mei, kilele kikiwa tarehe 5 na 6, na tena Oktoba tarehe 21 na 22. Vimondo vya Mei vinatufaa zaidi sisi kuliko watu wa kaskazini, ingawa masika inaweza kuharibu. Toka saa 10 alfajiri, tandika mkeka, lala chali miguu ikielekea mashariki, na uache darubini ndani. Vimondo vinataka anga pana. Vitakavyotokea upande wa mashariki na kukimbia kwa kasi, vingine vikiacha mstari unaodumu sekunde kadhaa, ni chembe zilizong'oka kwenye kile kiini cheusi karne kadhaa zilizopita. Beba shuka, maana umande wa saa hizo hulowesha.